Kufuli la Mwizi Mlangoni kwa Mwenye Nyumba



Juma hili tunazungumza juu ya jambo ambalo akina mama wengi hulisikia kutoka chumbani kwa watoto bila kulijua undani wake: michezo ya kompyuta na ya televisheni, na makufuli yanayotiwa ndani yake ili isiibwe. Huenda mtu akauliza, hili lina nini na jamii yetu ya mwambao, au na ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera, wenye mambo mazito zaidi ya kushughulikia? Lina mengi. Ndani yake mna fedha ya matumizi ya nyumbani, mna haki ya mnunuzi, na juu ya yote mna malezi. Mtoto hujifunza uaminifu kwa kuuona ukimfaa, na hujifunza hila kwa kuziona zikishinda.

Tuanze na asili yake. Mchezo mmoja mkubwa hutengenezwa kwa miaka kadhaa na mamia ya watu: wachoraji, wahandisi, watunzi wa hadithi na wa sauti. Ukishakamilika, mtu mwingine aweza kuunakili kwa muda mfupi tu, bila kutoa jasho wala senti. Kwa hiyo tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamekuwa wakitafuta kinga. Zamani mchezo uliuzwa pamoja na kitabu, na kabla haujafunguka ulimwuliza mchezaji neno fulani lililomo katika ukurasa fulani. Asiyekuwa na kitabu hakucheza. Baadaye zikaja diski zenye alama maalumu, kisha namba za siri za kufungulia. Siku hizi kinga kubwa ni mtandao. Mchezo huiuliza seva ya kampuni, iliyoko ng'ambo, kama mtu huyu amelipa. Seva ikijibu naam, mlango hufunguka. Isipojibu, aliyenunua na aliyeiba husimama nje pamoja.

Hapo ndipo habari hii inapofika Garissa. Aliyebuni kufuli la namna hiyo huishi katika mji ambao mtandao haukatiki, naye hudhani dunia nzima iko hivyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kaskazini Mashariki, minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa na wapiganaji, na kila mnara unapoangushwa vijiji vinavyoutegemea hukaa bila mawasiliano mpaka mafundi wapate ulinzi wa kufika. Hata mijini, kwenye huduma nzuri zaidi, sehemu kubwa ya mtandao wetu hupitia nyaya chache zilizolazwa chini ya bahari. Februari 2012, nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na mtandao ukazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku kama hizo mtu huona ni vitu vingapi vya nyumbani mwake ambavyo funguo zake ziko mikononi mwa watu wa mbali.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Garissa ana duka dogo la nguo. Amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo, na wanawe wamefanya vizuri madrasa na shuleni. Anaamua kuwanunulia mchezo wa mpira wa miguu, nao ni wa halali: umefungwa kwa karatasi yake, na risiti ipo. Anasema moyoni mwake, afadhali wachezee nyumbani ninapowaona kuliko kukaa mchana kutwa katika vibanda vya mtaani. Diski inatiwa mashinini. Mashine inataka mtandao. Inataka akaunti. Inataka kupakua makumi ya gigabaiti kabla mpira haujapigwa, na bando lote la mwezi linateketea kwa usiku mmoja. Nyumba ya pili kuna kijana mwenye nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwa bei ya chai na mandazi. Yeye ameshaanza kucheza, bila mtandao wala akaunti.

Mwana wa yule mama anapouliza, "Mama, kwa nini sisi tuliolipa ndio tunaosumbuka?" atajibiwa nini?

Swali hilo si la Garissa peke yake. Limeulizwa duniani kote kwa muda mrefu. Mwezi wa Septemba 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo uitwao Spore, ambao mnunuzi aliruhusiwa kuufungulia katika kompyuta tatu tu. Wanunuzi wakapaza sauti, kwani kompyuta huharibika na hubadilishwa. Wakati huo huo nakala zilizovunjwa kufuli zilienea mtandaoni tangu siku za mwanzo, na mchezo huo ukahesabiwa miongoni mwa zilizoibwa mno mwaka ule. Kampuni ikalazimika kuongeza idadi. Kufuli halikumzuia mwizi hata siku moja. Lilimhesabia mnunuzi tu.

Machi 2010 kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa mchezo wa Assassin's Creed II kwa kompyuta ukiwa na sharti kwamba mchezaji awe mtandaoni muda wote, ijapokuwa anacheza peke yake. Siku chache baadaye seva za kampuni zilishambuliwa, na watu waliokwisha kulipa wakafungiwa nje kwa saa nyingi. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imeliacha sharti hilo. Machi 2013 ilikuwa zamu ya SimCity, mchezo wa kujenga miji ambao kwa miaka mingi watu waliucheza peke yao kwa utulivu. Toleo jipya lilidai mtandao wakati wote. Seva zikalemewa siku ya kwanza, na maelfu waliolipa bei kamili wakabaki kutazama ukuta. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, wakaruhusiwa kucheza bila mtandao. Maana yake, jambo hilo liliwezekana.

Mwaka huo huo wa 2013 Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, ingelazimika kuwasiliana na kampuni kila baada ya saa 24, la sivyo michezo isingechezeka. Walipoulizwa kuhusu watu wasio na mtandao wa uhakika, mkuu mmoja wa kampuni alijibu kwamba watu hao wanayo mashine ya zamani, wabaki nayo. Watu wakakasirika, na kabla ya mwezi kwisha, tarehe 19 Juni, sharti lilifutwa. Jibu lile liliwahusu watu wa Hulugho, wa Masalani na wa Dadaab, ijapokuwa aliyelitoa huenda hakuwahi kuyasikia majina hayo.

Kuna namna nyingine ya kufuli ambayo kwetu sisi ina uzito wake: kufuli la nchi. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta walionunua mchezo wa Helldivers 2 watalazimika kuunganisha na akaunti ya PlayStation. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama wa wachezaji, si wizi. Lakini huduma ya akaunti hizo haikuwapo rasmi katika nchi nyingi za dunia, na Kenya haikuwemo katika orodha. Mchezo uliondolewa sokoni katika nchi 177, na watu waliokwisha kuulipia wakawa hawajui hatima yao. Baada ya siku chache za kelele kampuni ilirudi nyuma. Hata hivyo swali la akaunti lilibaki pale pale. Miaka mingi sasa vijana wengi wa Kenya wenye mashine hizo hujiandikisha kama wakazi wa nchi nyingine ili mlango ufunguke. Mama mwenye kuwafunza wanawe wasiseme uongo hata kwa mzaha, anaketi karibu na mwanawe akimwona anaandika kwamba anaishi Uingereza. Mfumo uliokusudiwa kulinda unamtaka mnunuzi halali aanze kwa kusema uongo. Wazazi wenzangu, hilo si jambo dogo.

Kisha kuna msiba wa mwisho: mchezo kufa ungali mkononi mwa aliyeununua. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft, ulihitaji seva hata kwa kucheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa, na diski zilizouzwa tangu 2014 zikawa vipande vya plastiki. Kutokana na hilo wanunuzi wa Ulaya walianzisha ombi la kutaka sheria iwazuie watengenezaji kuua walichokwisha kukiuza, na kufikia Julai 2025 ombi hilo lilikuwa limepita sahihi milioni moja.

Baada ya kusema haya, tusije tukamdhulumu mtengenezaji. Wizi wa kazi ya mtu ni wizi. Wako wanaosema kwamba kisichoshikika hakina mwenyewe, na kwamba kumwibia tajiri wa ng'ambo si kosa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, likaamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni mali yenye kulindwa kisharia, na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Kenya nayo, ile ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inakataza kunakili bila idhini na inakataza pia kuvunja kufuli lililowekwa kulinda kazi ya mtu. Basi kero ya mnunuzi haimpi ruhusa ya kuiba, kama ambavyo foleni ndefu ya duka haimpi mtu ruhusa ya kutoka na unga bila kulipa.

Lakini haki ina pande mbili. Sharia iliyomlinda muuzaji ndiyo iliyomlinda mnunuzi. Imo katika Qur'ani sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, nayo huanza kwa kuwaonya. Wanazuoni wa fiqhi wameshurutisha kwamba kinachouzwa kijulikane, na kwamba muuzaji aweze kukikabidhi. Wamekataza gharar, yaani mauzo yenye kificho, na wamempa mnunuzi khiyari ya aibu, akikuta kasoro iliyofichwa aweze kurudisha. Tuipime biashara hii kwa mizani hiyo. Kwenye ukurasa wa duka kumeandikwa "nunua". Kwenye mkataba mrefu usiosomwa na mtu kumeandikwa kwamba hukununua chochote, umepewa ruhusa ya kutumia, nayo yaweza kuondolewa. Hiyo ni bei au ni ijara? Ikiwa ni ijara, iitwe ijara, na muda wake utajwe, na malipo yalingane na muda huo. Jimbo la California huko Marekani limelitambua jambo hili: kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, muuzaji wa vitu vya kidijitali hawezi kutumia neno la kununua pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa ruhusa tu. Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo yanayomwezesha kufaidika nayo kikamilifu. Maneno haya yanatosha kuwa msingi, iwapo wenye mamlaka watayatumia.

Mnunuzi wa Garissa hahitaji kufundishwa somo hili kwa michezo. Amekwisha kuliona katika mambo makubwa zaidi. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia zaidi ya milioni 1.8 nchi nzima. Lengo lilikuwa jema, kwani bandia ni ulaghai. Lakini waliozima sauti usiku ule wengi wao walikuwa watu waliozinunua dukani kwa nia safi, na walioziingiza nchini na kuziuza walikuwa wamekwisha kutia fedha mfukoni. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Mwenyezi Mungu awafariji wazazi wao, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Hofu ilikuwa ya kweli na msiba ulikuwa mkubwa. Hata hivyo familia nyingi zilizokuwa zikipokea matumizi kutoka kwa ndugu walio ng'ambo zilijikuta zimefungiwa mlango, na leseni zikarejeshwa Juni mwaka ule. Siufananishi mchezo wa watoto na mambo hayo. Uzito wake haulingani hata kidogo. Nataja njia tu. Kufuli lililokusudiwa mwovu likiwekwa bila kumtazama mwema, mwema ndiye wa kwanza kufungiwa, kwa kuwa yeye ndiye anayepita mlangoni. Mwovu hupita dirishani.

Je, ipo kinga isiyomdhulumu mnunuzi? Ipo, na wafugaji wa Kaskazini Mashariki wanaijua. Ngamia hutiwa alama ya moto ili akiibwa ajulikane ni wa nani. Alama hiyo haimzuii ngamia kunywa maji wala kubeba mzigo. Aliyemnunua katika soko la mifugo la Garissa huondoka naye, wala muuzaji hamfuati nyuma akiwa ameshika kamba, akisema, "Kila asubuhi njoo uniulize kama leo waweza kumkama." Wako watengenezaji wa michezo waliofuata njia ya alama badala ya kamba. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, huuza michezo isiyo na makufuli. Ukishaipakua ni yako, waweza kuihifadhi na kuicheza hata mnara ukianguka. Kampuni hiyo ilitoa The Witcher 2 mwaka 2011, na muda mfupi baada ya kutoka ikaliondoa kufuli hata kwenye nakala zilizouzwa nalo. Haikufilisika. Toleo lililofuata likawa miongoni mwa michezo iliyouzwa sana duniani.

Sasa, mama mwenye nyumba afanye nini kabla ya kutoa fedha yake?

Kwanza, aulize dukani maswali matatu kwa lugha nyepesi: mchezo huu unachezeka bila mtandao? Unadai akaunti? Unapakua kiasi gani kabla ya kuanza? Muuzaji asiyejua majibu naye apelekwe akaulize. Biashara haigombi, na swali si ugomvi.

Pili, aangalie maandishi madogo ya kwenye kasha. Mara nyingi imeandikwa kama mtandao ni wa lazima. Kijana mkubwa wa nyumbani ausomee mkataba huo mama yake. Itakuwa faida kwa wote wawili.

Tatu, apendelee michezo ya diski ambayo yote imo ndani ya diski. Diski ya namna hiyo hukopeshwa kwa jamaa na huuzwa tena watoto wakishakua. Lakini ajihadhari na mashine zenyewe: baadhi ya mashine mpya huuzwa bila kisomeo cha diski, na kisomeo kinachonunuliwa pembeni cha PlayStation 5 kinataka mtandao siku ya kwanza ya kukiunganisha.

Nne, kazi yote ya kupakua na kufungulia ifanywe mahali penye mtandao mzuri kabla mashine haijasafirishwa kwenda kijijini. Anayemletea ndugu yake wa Balambala zawadi kutoka Mombasa aifungue kwanza huku, aijaribu mtandao ukiwa umezimwa, kisha aifunge tena.

Tano, ahifadhi risiti, na bidhaa isipofanya kazi airudishe mapema na adai haki yake kwa adabu. Wanawake wetu huona haya kurudi dukani. Haya hiyo ni nzuri mahali pake, lakini mwenye duka mwaminifu hatafadhaika na mteja mwenye hoja.

Na maduka yetu yana sehemu yao. Mwenye kuuza mashine na michezo Garissa, Lamu au Malindi anaijua hali ya mtandao wa wateja wake kuliko kampuni ya ng'ambo. Kumwuzia mama mchezo ambao anajua hautafunguka kijijini kwake, akanyamaza, ni kuficha aibu ya bidhaa. Maandishi machache kwenye karatasi ya bei, "Unahitaji mtandao wakati wote", yangewaondolea watu wengi hasara.

Nirudi kwa yule mtoto aliyeuliza kwa nini waliolipa ndio wanaosumbuka. Asijibiwe kwamba dunia ndivyo ilivyo, maana jibu hilo litamfanya aone wizi kuwa ni akili. Wala asiambiwe kwamba kampuni haikukosea, kwa kuwa anaona kwa macho yake kwamba imekosea. Aambiwe ukweli wote: kwamba kuna mtu alitoa jasho, naye anastahili malipo, ndiyo maana sisi tumelipa, kwamba muuzaji naye anawajibika kutupa tulichokilipia, na hapa ametupunja, na kwamba dhuluma ya mmoja haihalalishi dhuluma ya mwingine. Kisha achukuliwe na mama yake hadi dukani, akamwone akidai haki kwa sauti ya upole na risiti mkononi. Somo hilo halihitaji mtandao, na hakuna seva itakayolizima.

Tumwombe Mwenyezi Mungu aitie baraka riziki ya halali na awape wafanyabiashara wetu ukweli wa maneno na wa mizani. Tukutane juma lijalo, inshaallah.